Laga, eili na povu: namna ya kujibu maswali ya bia ukihojiwa kwa kazi ya kaunta Malindi

Msimu wa wageni ukikaribia, hoteli za Malindi, kuanzia Casuarina na Silversands hadi kule Watamu, huanza kuita watu kwa mahojiano ya kazi ya kaunta. Vijana hufika na vyeti vimepangwa vizuri kwenye faili, shati limepigwa pasi, Kiingereza kimenyooka, na wengine wana Kiitaliano cha kutosha kumsalimia mgeni na kumuuliza atakunywa nini. Kisha meneja anauliza, "Laga na eili zina tofauti gani?" na mtu anaanza kubahatisha. Mmoja atasema laga ni nyepesi na eili ni kali. Mwingine atasema laga ni ya rangi ya dhahabu na eili ni nyeusi. Majibu yote mawili si sahihi, na meneja anayeijua kazi yake hahitaji kuuliza la pili.

Inaniuma mtu mwenye adabu, mchangamfu na mwaminifu anapokosa kazi kwa jambo ambalo angeelezwa kwa saa moja akalielewa. Maswali ya bia yanatisha kwa sababu watu huyakariri kama orodha: jina la bia, nchi yake, asilimia yake. Ukienda hivyo hayaishi, na bia mpya zinaingia sokoni kila mwaka. Lakini karibu maswali yote yanatokana na mambo machache yanayotokea kati ya nafaka na glasi. Ukiyaelewa hayo, utajibu hata swali ambalo hukuwahi kulisikia. Wala si lazima uwe mnywaji. Pwani yetu ina vijana wengi wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari yao. Wako ambao dini yao inawakataza hata kuiuza, na hilo ni kati yao na Mola wao. Ninamwandikia yule aliyekwisha kuamua kuifanya kazi hii na anataka kuifanya vizuri.

Kutoka nafaka hadi chupa

Mtu wa Pwani ana msingi mzuri hata kama hajaonja bia maishani, kwa sababu amekua karibu na minazi. Mgema anapanda asubuhi na jioni. Tembo analoshuka nalo likiwa bichi ni tamu, na saa chache baadaye limeshaanza kuchachuka. Likikaa huwa kali, likizidi kukaa huwa siki. Hakuna aliyetia kitu. Sukari imo tayari katika utomvu wa mnazi, na hamira ya asili imo hewani na ndani ya vibuyu. Zikikutana, hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: alkoholi, na gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoa povu.

Bia inafuata njia hiyo hiyo, ila mpika bia ana tatizo ambalo mgema hana. Punje ya shayiri imejaa wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Kwa hiyo shayiri hulowekwa, ikaachwa ianze kuchipua, halafu ikakaushwa kwa joto. Hicho ndicho kimea. Kule kuchipua kunaamsha vimeng'enya vilivyomo ndani ya punje, na kimea kikisagwa na kuchanganywa na maji yenye joto la nyuzi 65 hivi, vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari. Akina mama wa bara wanaopika busaa wanalijua hili kwa mikono yao. Kimea cha wimbi hufanya kazi ile ile katika busaa. Maji hayo matamu huchujwa, yakachemshwa na hopsi kwa saa moja au zaidi, yakapozwa, ndipo hamira ikatiwa.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa. Ndizo zinazoipa bia uchungu na sehemu kubwa ya harufu yake, na pia huisaidia isiharibike upesi. Mmea huo unataka siku ndefu za kiangazi, zile za nchi zilizo mbali na ikweta ambako jua huchelewa kutua, ndiyo sababu hopsi za bia zetu huagizwa kutoka nje ilhali shayiri inalimwa hapa Kenya, kwa mfano Narok na Timau. Ukiulizwa bia imetengenezwa kwa nini, sema maji, kimea, hopsi na hamira, kisha ongeza kwamba viwanda vingi hutia pia nafaka nyingine au sukari. Mgeni Mjerumani anaweza kukutajia sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyoruhusu maji, shayiri na hopsi peke yake. Hamira haikutajwa katika sheria hiyo kwa sababu wakati ule hakuna aliyeelewa kazi yake. Ilingojea utafiti wa karne ya 19, wa Louis Pasteur na wenzake.

Sasa turudi kwenye swali la meneja. Laga na eili hutofautiana kwa hamira na kwa joto la kuchachusha. Hamira ya eili hufanya kazi kwenye joto la kadiri, nyuzi 15 hadi 24 hivi, hupanda juu ya pipa, humaliza haraka, na huacha harufu za matunda na viungo. Hamira ya laga hufanya kazi kwenye baridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi, huenda polepole na kuzama chini, kisha bia huhifadhiwa wiki kadhaa kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0 ili itulie na kung'aa. Ndiyo maana laga huwa na ladha iliyonyooka, na eili huwa na mambo mengi puani. Rangi haihusiki. Rangi inatokana na jinsi kimea kilivyokaushwa au kukaangwa, na kuna laga nyeusi na eili za dhahabu.

Fungua friji ya baa yoyote hapa mjini utazame. Tusker, White Cap, Pilsner, Heineken, Peroni: zote ni laga. Guinness ni stauti, na stauti iko upande wa eili. Weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa sana. Mtu akiyasema haya kwa utulivu mbele ya meneja, ameshaonyesha kwamba anaijua bidhaa atakayoiuza.

Laga za dhahabu zilizojaa friji zetu zilianzia Plzeň, katika Jamhuri ya Czech ya leo. Mwaka 1842 mpishi wa bia kutoka Bavaria, Josef Groll, alitumia kimea cheupe, maji laini ya mji ule na hopsi za Saaz, akapata bia angavu. Zikafuata mashine za baridi za Carl von Linde katika miaka ya 1870, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, akiwa kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akafaulu kutenga hamira safi ya aina moja. Kabla ya mashine hizo laga ilitegemea majira ya baridi na mapango yenye barafu. Nchi ya joto kama yetu isingeipika.

Meneja anayependa mambo ya nyumbani atauliza kuhusu Tusker, basi lijue hili: kampuni ya Kenya Breweries ilianza mwaka 1922 ikiwa na ndugu wawili, George na Charles Hurst, miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaka 1923 George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la kumkumbuka. Ndovu aliye kwenye kibandiko anatokana na kisa hicho.

Ipi ni kali?

Hili ndilo swali linalowaangusha wengi, na nadhani ndilo lenye maana kubwa kuliko yote kwa sababu linagusa usalama wa mgeni. Ukali hupimwa kwa asilimia ya alkoholi iliyoandikwa kwenye kibandiko. Haupimwi kwa weusi, wala kwa uchungu, wala kwa uzito wa bia mdomoni.

Chukua Guinness. Mgeni kutoka Uingereza au Ireland amezoea Guinness ya bomba, ambayo ina asilimia 4.2 hivi, karibu sawa na Tusker. Anakuja Malindi, anaagiza Guinness, analetewa chupa. Ile ya chupa inayouzwa Kenya ni aina nyingine yenye asilimia 6.5. Jina moja, nembo moja, ukali mbali kabisa. Mhudumu anayelijua hili atamwambia mgeni kabla hajafungua, na mgeni atashukuru.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na ukiifanya mbele ya meneja utamfurahisha. Chupa ya mililita 500 ya Tusker yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za alkoholi halisi. Guinness ya ujazo huo huo yenye asilimia 6.5 ina mililita 32.5. Kwa hiyo chupa 2 za Guinness, mililita 65, zinazidi kidogo chupa 3 za Tusker, mililita 63. Kipimo kimoja cha vodka cha mililita 25 chenye asilimia 40 kina mililita 10. Mgeni anayesema "leo sinywi kali, nipe bia tu" anapata katika chupa moja ya Tusker alkoholi ya vipimo viwili vya vodka na zaidi kidogo. Mhudumu akiijua hesabu hiyo ataona mapema mgeni anapoelekea kubaya.

Uchungu nao una kipimo chake, kinachoitwa IBU. Laga za kawaida ziko chini, bia za aina ya IPA ziko juu sana. IPA ni eili yenye hopsi nyingi iliyopata umaarufu kwa kusafirishwa kutoka Uingereza hadi India, na George Hodgson wa London ni mmoja wa waliojulikana kwa biashara hiyo mwishoni mwa karne ya 18. Utasikia ikisemwa kwamba ilibuniwa kwa sababu bia nyingine hazikuweza kufika India. Usilirudie hilo kwenye mahojiano. Bia nyeusi aina ya pota nazo zilisafirishwa huko na zikafika salama. Nairobi sasa ina viwanda vidogo vinavyopika IPA, Bateleur kikiwa kimojawapo, kwa hiyo usishangae kuzikuta kwenye orodha ya hoteli ya Pwani.

Bia ya ngano nayo inafaa uijue kwa sababu ya wageni Wajerumani. Hutengenezwa kwa kimea cha ngano pamoja na cha shayiri, huwa na ukungu kwenye glasi, na hunukia ndizi mbivu na karafuu. Hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa. Ni hamira yake inayozalisha harufu hizo. Mgeni akirudisha glasi akisema bia ina vumbi, utajua kumweleza kwamba ukungu ule ni hamira na ngano, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Povu, na joto la Malindi

Meneja wengi hawakuachi na maneno matupu. Watakupa glasi na kukuambia, "Haya, tumiminie."

Glasi ndiyo ya kwanza kutazamwa. Mafuta kidogo ya chakula, rangi ya mdomo au mabaki ya sabuni huua povu, na bia ikiwa ndani utaona viputo vimeganda kwenye kuta za glasi. Glasi safi kwelikweli haishiki viputo pembeni, na povu likishuka huacha duara kila mnywaji anapopiga funda. Maji ya visima vingi vya Pwani yana chumvi, na glasi ikikaukia nayo hubaki na madoa meupe. Isuuze mara ya mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, iache ichuruzike yenyewe, usiipanguse kwa kitambaa kilichofuta kaunta.

Inamishe glasi nyuzi 45 hivi, bia ipite ubavuni. Ikifika nusu isimamishe wima, umimine katikati ili povu lipande vidole viwili. Wako wahudumu wanaojivunia kumimina bila povu kabisa, na wateja wetu wengine hudai hivyo wakiona povu ni wizi. Mteja akitaka hivyo mpe, pesa ni zake. Lakini kwenye mahojiano sema ukweli: povu hubeba harufu ya bia hadi puani, na bia iliyomiminwa bila povu inabaki na gesi yote, ambayo itamjaa mnywaji tumboni.

Bia ya bomba ina somo lake, na ni somo la joto. Gesi hukaa ndani ya kinywaji kikiwa baridi, hutoka kikipata joto. Kegi ikishushwa kutoka kwenye gari katika jua la saa saba na kuunganishwa papo hapo, itatoa povu tupu, na lita kadhaa zitaishia kwenye sinki. Inahitaji kukaa kwenye chumba cha baridi, siku nzima ikiwezekana, kabla ya kufunguliwa. Bomba nalo lifunguliwe lote kwa mara moja, kwa sababu bomba lililofunguliwa nusu huikoroga bia na kuitoa povu. Mdomo wa bomba usizame ndani ya bia, maana unabeba vijidudu kutoka glasi hadi glasi. Na mipira ya kupitishia bia isafishwe kwa dawa kila baada ya wiki 2. Hapa ndipo baa nyingi hulegea, na mgeni huonja ulegevu huo hata kama hawezi kuutaja.

Guinness ya bomba hutumia naitrojeni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Viputo vya naitrojeni ni vidogo mno, ndiyo sababu ya povu lile laini na zito. Humiminwa kwa awamu mbili: jaza robo tatu, iache itulie, kisha imalizie.

Kuhusu baridi ya kuhudumia, laga nyingi hupendeza kati ya nyuzi 3 na 7, na stauti na eili hupendeza zikiwa na baridi pungufu ya hapo, kwa sababu baridi kali huficha harufu. Lakini hapa kwetu kuna mteja anayeagiza Tusker ya moto, yaani isiyowekwa friji, na mwingine anayetaka ile inayokaribia kuganda. Wote ni wateja. Swali la kwanza la mhudumu wa Kenya hubaki lile lile, "Baridi au ya moto?"

Jua

Kama ningeruhusiwa kumfundisha kijana wa Malindi jambo moja tu la bia, ningemfundisha hili, kwa sababu kwenye baa za ufukweni ndilo linaloharibu bia nyingi kuliko lolote.

Mwanga wa jua ukiipiga bia, viungo vichungu vya hopsi huvunjika na kuzalisha kemikali yenye salfa inayonuka kama kicheche. Kiasi kidogo mno chatosha kuifanya bia isinyweke, na kwenye glasi iliyo juani jambo hilo hutokea kwa dakika chache. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaodhuru. Chupa ya kijani huzuia kidogo, nyeupe haizuii kitu. Kwa hiyo Tusker kwenye chupa yake ya kahawia ina kinga ambayo bia nyingi za kigeni kwenye chupa za kijani hazina, na kreti zilizowekwa nje ya stoo "kwa muda tu" asubuhi zinaweza kuwa zimeharibika mchana.

Watu wengi huamini kinachoharibu bia ni kutoka baridi kwenda joto na kurudi baridi. Si hivyo. Chupa iliyotoka friji ikapata joto la chumba inaweza kurudishwa bila madhara ya kuonekana. Joto lenyewe likidumu siku nyingi ndilo baya, kwa sababu huharakisha kuzeeka, na bia iliyozeeka huwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Ndiyo maana mzigo wa zamani hutolewa kwanza na mpya hupangwa nyuma yake, na tarehe husomwa chupa zinapoingia, si mgeni anapolalamika.

Meneja hupenda kuuliza, "Mgeni akikwambia bia imeharibika utafanya nini?" Jibu ninaloliamini ni hili: "Nitamwomba radhi, madamu, niiondoe mezani bila kubishana, nimpe nyingine. Kisha nitainusa ile ya kwanza nijue tatizo limetoka wapi." Hapo ndipo elimu inaposaidia. Harufu ya kicheche inaonyesha kosa ni la mwanga, na chupa zilizokaa pamoja nayo ziangaliwe. Harufu ya karatasi inaonyesha uzee au joto la stoo. Uchachu wa siki kwenye bia ya bomba unaonyesha mipira michafu, kwa hiyo kila glasi inayotoka bomba hilo ni mbovu na lifungwe. Harufu ya siagi inaweza kutoka kiwandani au kwenye mipira hiyo hiyo. Haya yote yanafanyika kwa pua, wala huhitaji kumeza tone.

Ukiulizwa unapenda bia gani na wewe hunywi, usibuni. Sema, "Mimi sinywi, madamu, lakini najua ninachokiuza," halafu eleza bia moja kwa ufasaha, hamira yake, ukali wake na chakula inachokwenda nacho. Sijui meneja mwenye akili atakayekukataa kwa jibu hilo, na mhudumu asiyekunywa ana faida ambayo wenye baa wanaifahamu vizuri.

Mgeni aliye mbele yako

Malindi ina Waitaliano tangu miaka ya 1960, enzi za mradi wa San Marco wa kurusha setilaiti kutoka Ngomeni, na Kiitaliano cha baa kinalipa. "Media" ni glasi ya mililita 400, "alla spina" ni bia ya bomba. "Doppio malto" inachanganya watu. Kwa sheria ya Italia ni daraja la bia iliyopikwa kutoka maji mazito zaidi ya kimea, kwa hiyo huwa na nguvu zaidi. Mgeni akiomba hiyo na huna, mweleze ulicho nacho chenye asilimia ya juu, usimletee tu chupa yenye neno "malt" kwenye kibandiko. Mwingereza akiomba shandi anataka bia iliyochanganywa na soda ya limau, na Mjerumani huiita Radler.

Kwa chakula, kanuni mbili zinatosha kuanzia. Alkoholi na uchungu huzidisha moto wa pilipili, kwa hiyo anayekula chakula cha pilipili kali mpe laga nyepesi, usimpe IPA. Na chakula chenye tui kinapatana na bia yenye harufu za matunda. Mimi ningemshauri mgeni anayekula samaki wa kupaka achukue bia ya ngano, na anayekula pweza wa kuchoma achukue laga baridi. Anayekula chaza ajaribu stauti. Waingereza wamekuwa wakizila pamoja tangu zamani. Kumbuka pia kwamba shayiri na ngano zina gluteni, protini ambayo miili ya watu wengine haiivumilii. Mgeni akisema haimfai, usimhakikishie bia yoyote kabla ya kusoma kibandiko.

Kuna mambo ya sheria ambayo hayahitaji maelezo marefu. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mwenye sura changa omba kitambulisho, kwa upole na bila kuona haya. Baa za kawaida chini ya sheria hiyo huuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu, ilhali hoteli zina leseni za namna nyingine. Uliza unakofanyia mahojiano wana leseni ipi. Na ukipewa mfano wa mgeni aliyelewa anayetaka nyingine, usiseme utaita askari. Sema utachelewesha kinywaji, utampelekea maji na kitu cha kula, utamwita kando kwa heshima, "Mzee, leo tupumzike hapa," na utamjulisha msimamizi wako mapema kabla sauti hazijapanda.

Hesabu ya stoo huulizwa haraka haraka kutazama kama unajua mzigo. Kreti ya chupa za mililita 500 ina chupa 25. Ukiambiwa una kreti 4 na chupa 7, jibu 107 bila kushika simu.

Mwishoni utaulizwa kama una swali. Usiseme huna. Uliza mipira ya bia husafishwa siku gani na nani hutia sahihi, uliza stoo ina joto gani mchana, uliza kama chupa za kijani zinakaa kwenye friji yenye mlango wa kioo unaoelekea baharini. Jibu la hilo la mwisho likiwa ndiyo, pendekeza friji igeuzwe.